Mama Bwalo Mbele ya Mashine

Jumapili iliyopita, kati ya kula na kuosha vyombo, nilijinyoosha kidogo kwenye kochi nikaota nimekwenda kazini.

Si ndoto ya kujivunia. Wenzangu wakilala wanaruka angani, wanaolewa ng'ambo, wanaonyeshwa dawa na marehemu. Mimi Gaudensia nikipata nusu saa ya usingizi mtamu najikuta nimevaa koti jeupe, nimeshika funguo za maabara, na nimechelewa.

Maabara yenyewe iko Njombe, na inapima vifaa vya ujenzi. Mkandarasi akimwaga zege la daraja anatuletea michemraba mitatu ya zege hilohilo. Tunailoweka kwenye tangi la maji mpaka itimize siku ishirini na nane, kisha tunaiweka mmoja mmoja kwenye mashine ya kubana. Mashine inabana mpaka mchemraba unapasuka, na namba inayoonekana wakati wa kupasuka ndiyo nguvu yake. Nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na sita na sijawahi kuiona kichekesho.

Basi katika ndoto nafungua mlango, nawasha taa, natazama tangi. Hamna mchemraba hata mmoja. Limejaa mashujaa wa hadithi, wamelowekwa mpaka shingoni, wanasoma magazeti.

"Shikamoo, mpimaji," linasema jitu moja lenye ndevu za kijani. "Mimi natimiza ishirini na nane leo."

"Marahaba. Umeleta sampuli tatu?"

"Nimeleta."

Jitu linatoka majini. Linatoka tena. Linatoka mara ya tatu. Yanasimama matatu mbele yangu, yanachuruzika maji, na kila moja linaona haya kwa niaba ya mengine mawili.

Mashine yetu ya kubana, ambaye siku zote nilimdhani bubu, anasafisha koo. Ana sauti ya mkuu wa ofisi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Bi Gaudensia, umechelewa. Amri imekuja. Wahusika wa hadithi wametia chumvi mno. Huyu kaangusha mlima, yule kameza kijiji, na hakuna hata mmoja mwenye cheti. Kuanzia leo kila mhusika apimwe. Akipimika, tunamgonga huu." Anasukuma mbele muhuri wenye neno YUPO. "Asiyepimika, tunamgonga huu." Wa pili unasema HAYUPO.

"Akigongwa HAYUPO anakwenda wapi?"

"Swali gani hilo? Haendi popote. Hayupo."

Naona ni jibu lililonyooka. Nalipandisha jitu la kwanza. Mashine anabana. Jitu linapasuka kwa tani mia tatu na ishirini, linasema ahsante. La pili linapasuka kwa tani mia tatu na kumi. La tatu linaomba livue viatu kwanza, linaruhusiwa, linapasuka kwa mia tatu na kumi na tano. Napiga wastani, najaza cheti, nagonga YUPO, naita jina kwa sauti. Hakuna anayeitika. Naweka cheti kwenye faili na viatu kwenye rafu.

"Anayefuata," anasema Mashine.

Anayefuata ni mama mnene kiasi, amevaa aproni yenye madoa ya maharage, begani kabeba mwiko mrefu kuliko mimi. Namjua kabla hajafika mezani. Namjua kuliko ninavyowajua majirani zangu.

"Jina?" nauliza, kwa sababu fomu inataka.

"Mama Bwalo."

Hapa niisimamishe ndoto kidogo, maana bila maelezo haya hamtaelewa kwa nini kalamu ilinianguka.

Mama Bwalo ni mhusika wa katuni. Anayemchora ni mume wangu, Onesmo, kila wiki, kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti, huu mwaka wa kumi na moja. Ni mpishi wa shule ya bweni. Anasonga ugali wa wanafunzi mia nane peke yake, na kitu chochote kikitishia kuwachelewesha kula anakiondoa njiani kwa mikono. Uso wake ni uso wa marehemu mama mkwe wangu, aliyepika kwenye bwalo la shule mpaka miguu ikamvimba, na ambaye sikuwahi kumkuta. Onesmo hana hata picha moja ya mama yake. Ana Mama Bwalo.

Jumapili hiyo, tukiwa mezani, alinionyesha ukurasa wa wiki hii huku akicheka mwenyewe. Lori la viazi limezama kwenye tope njia ya Makete. Mama Bwalo amefunga kanga kwenye ndoano ya mbele ya lori, anavuta, lori linatoka, wanafunzi wanakula. Nami nikasema, nyama ikiwa bado mdomoni: "Kanga ingechanika, Baba Nolasco. Inabeba tani moja, lori hilo linataka nne. Hapo umetia chumvi." Nikamwandikia na hesabu nyuma ya bahasha, asije akadhani namwonea.

Aliisoma hesabu yote. Kisha akasema taratibu, "Basi namfuta. Si wiki hii tu. Namfuta kabisa, nitafute kazi ya watu wazima." Akachukua ufutio akaingia chumba cha mbele. Niliona jinsi uso ulivyomshuka. Nilijua nimemuumiza, na nilijua mahali penyewe nilipomuumiza. Lakini nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi huwa mzito kuinuka kwenye kiti. Nikajitia hamnazo, nikamaliza nyama, nikalala.

Turudi ndotoni.

"Sampuli tatu," namwambia Mama Bwalo.

"Niko mmoja, mkwe wangu."

"Nyingine ziko wapi?"

"Mwanangu hapendi kunakili. Kila wiki ananichora upya."

Mashine anaguna. "Mmoja anatosha, tukimbana mara tatu."

"Ukimbana mara ya kwanza hatakuwepo wa mara ya pili," nasema.

"Hilo ni tatizo la sampuli, si la mashine."

Ndipo naona unga mweupe sakafuni. Unadondoka kutoka kwenye aproni yake, chembe chembe, kama ule unaobaki mtu akifuta penseli. Natazama chini. Mama Bwalo hana nyayo. Sketi inaishia kwenye vifundo vya miguu, na chini ya vifundo kuna sakafu tu.

"Imeanza tangu lini?"

"Tangu mlipotoka mezani," anasema, bila lawama hata kidogo, na hilo lilinichoma zaidi. "Anafuta pole pole, anasimama kila mara kupumzika. Ila anapanda juu. Ukiwa na la kufanya, mkwe wangu, lifanye kabla hajafika usoni."

Uso ule ukifutika, Onesmo hana mahali pengine pa kuuona. Namgeukia Mashine.

"Tumkadirie. Tutatumia kazi aliyoifanya. Tukijua alivuta nini, kwa kitu gani, akiwa amesimama wapi, tutajua nguvu zake bila kumvunja."

"Makadirio," anasema Mashine, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ng'ombe. "Haya. Lakini kila kitu kithibitishwe na shahidi wake. Na usizungushe namba."

Nimekwisha kuizungusha. Nimeandika ubaoni: kwa urahisi, mvutano wa dunia tuchukulie kumi. Papo hapo maabara yote inashuka kidogo. Rafu zinalia. Kikombe changu cha chai kinakuwa kizito, nakishika kwa mikono miwili.

"Ulikuwa tisa nukta nane," anasema Mashine. "Umetuongezea."

"Ni kwa urahisi wa hesabu."

"Urahisi wa nani?" anauliza Mama Bwalo, akishika kiuno.

Nafuta, naandika tisa nukta nane. Watu wanapumua. Kwenye tangi mashujaa wanaendelea kusoma.

Shahidi wa kwanza ni Kanga. Anaingia amepigwa pasi, rangi ya chungwa na nyeusi, anakaa mezani bila kukaribishwa.

"Naomba jina langu lisiandikwe kwenye ripoti," anasema kabla sijamuuliza kitu. "Nilinunuliwa kwa ajili ya jirani. Maneno yangu yalimfika, yakaisha."

"Sitaki maneno yako. Nataka kujua unabeba uzito gani bila kuchanika."

"Tani moja na ushee. Si umekwisha kuandika kwenye bahasha?"

"Nimeandika. Na lori linataka tani nne. Kwa hiyo ulichanika."

Kanga ananitazama kwa muda mrefu. Sijawahi kutazamwa hivyo na nguo.

"Bi Gaudensia, wewe umevaa kanga tangu ukiwa na umri gani?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Ukaolewa na kanga, ukabebea mtoto kwa kanga. Hebu niambie, dukani unauziwa kanga ngapi?"

Hapo nilitamani niingie mwenyewe kwenye mashine. Kanga huuzwa doti, mbili kwa pamoja, hazijakatwa, na hakuna mwanamke kutoka huku kwetu mpaka pwani asiyelijua hilo. Miaka kumi na sita ya vipimo, nami nimepima nusu ya nguo.

"Mbili," nasema.

"Mbili," anaitikia Kanga, na kutoka nyuma yake anajitokeza pacha wake, naye kapigwa pasi, naye kanuna. "Na anapokufunga kwenye ndoano, anakufungaje? Anakupitisha, anashika ncha zote mbili. Kwa hiyo kila mmoja wetu anavuta mara mbili. Wewe msomi, piga."

Napiga. Kanga mbili, kila moja imekunjika mara mbili, tani moja na ushee kila mkunjo. Tani nne na ushee. Naandika ubaoni kwa herufi kubwa, na furaha inanipanda mpaka nasikia masikio yanapata moto. Mama Bwalo anapiga kigelegele kifupi, cha kiofisi.

"Na mumeo alizichora zote mbili," anasema Kanga akijikunja kuondoka. "Hukutazama picha. Ulitazama lori."

"Kanga imepita," anasema Mashine. "Miguu je?"

Swali hilo ndilo nililokuwa naliogopa. Mama Bwalo ana kilo tisini. Mtu wa kilo tisini akivuta kitu cha tani nne kwenye tope, lori halisogei. Anasogea yeye, anateleza mpaka anagonga bampa. Na miguu yenyewe haiwezi kuulizwa. Natazama chini: imefutika mpaka magotini, sasa mama wa watu anaelea, ameegemea mwiko wake.

"Wa kuulizwa ni Msuguano," anasema Mama Bwalo. "Yeye alikuwepo."

"Yuko wapi?"

"Nje. Pale pale ulipomwacha."

Natoka. Kwenye ngazi za maabara kuna mzee mmoja mwembamba amekaa amenipa kisogo. Ngozi yake ina makunyanzi madogo madogo kila mahali, hata kwenye kucha.

"Shikamoo, Mzee Msuguano."

Anakwaruza ngazi kwa ukucha.

"Mzee wangu, tuna shida. Tunaomba ushahidi wako."

"Nani, mimi?" anasema bila kugeuka. "Mimi si wa kupuuzwa? Kidato cha pili, mtihani wa mwisho wa mwaka, uliandika nini? 'Puuza msuguano.' Kidato cha tatu? 'Puuza msuguano.' Chuoni uliandika hata pale ambapo hawakukuambia. Leo mezani, hesabu ya bahasha, nimesoma yote, mstari kwa mstari. Sikuona jina langu hata pembeni."

"Ilikuwa kwa urahisi."

"Haya. Endeleeni kwa urahisi."

Anainuka, anaondoka. Hatua mbili tu, na nasikia kishindo ndani. Nachungulia. Meza zimeteleza mpaka ukutani. Mafundo ya kamba yanafunguka yenyewe, misumari inatoka ukutani kimya kimya kama watu wanaotoroka mkutano, na Mashine, pamoja na uzito wake wote, anapita mbele ya mlango kinyumenyume.

"Bi Gaudensia," anasema akipita, "mwombe radhi."

Namkimbilia mzee, kwa tumbo, maana miguu haishiki. Namwambia ukweli. Namwambia nilimpuuza kwa sababu ni mgumu, kwa sababu akiwemo jibu haliwi zuri, na kwamba ni tabia yangu, hata nyumbani, kutoa nje kitu chochote kinachonisumbua kwenye hesabu kisha nikajisifu kwamba hesabu imetoka. Sikuwa nimepanga kusema hilo la nyumbani. Lilitoka tu.

Anasimama.

"Fanya swali moja," anasema. "Moja tu. Nami nimo, mwanzo mpaka mwisho."

Tunakaa ngazini. Nafanya swali la kikombe kinachosukumwa mezani. Naandika uzito wake, nachora mshale wa anayesukuma, kisha nachora mshale wake yeye, unaorudi nyuma, na pembeni naandika jina lake lote. Jibu linatoka baya, lina nukta na tarakimu tano. Mzee Msuguano analitazama. Midomo inamcheza. Anaanza kulia, machozi yanatiririka ngazini, mimi nateleza, naanguka kwa makalio.

"Samahani," anasema akijifuta. "Samahani sana. Nikilia huwa hivyo."

Tukifungua mlango kurudi ndani, ndani si maabara tena. Ni barabara ya Makete, mchana kweupe, tope jekundu, na lori la viazi limeinamisha pua shimoni. Hakuna anayeshangaa. Mashine yuko kando ya barabara chini ya mwavuli. Mama Bwalo amefutika mpaka kiunoni, anaelea juu ya majani kama nguo iliyoanikwa, lakini anatabasamu.

"Toa ushahidi," anasema Mashine. "Ulimshika miguu isiteleze?"

"Hapana," anasema Mzee Msuguano.

"Miguuni sikuwa na kazi siku hiyo. Hakukanyaga tope. Alikanyaga pale." Ananyoosha kidole chenye makunyanzi. Pembeni ya barabara kuna kalavati, na kalavati lina ukingo wa zege unaofika magotini. "Alikaa chini kwenye majani, akaegesha nyayo zote mbili kwenye ukingo, akavuta kwa kunyoosha magoti. Nyie wote mnatazama miguu. Mimi nilikuwa mikononi. Alizungusha kanga mara tatu kwenye viganja, na pale ndipo nilipofanya kazi mpaka nikapata moto. Muulizeni kama hakuungua."

Mama Bwalo ananyoosha viganja. Kila kimoja kina mistari mitatu myekundu.

"Ukingo wa kalavati ungevunjika," anasema Mashine, ila sauti imepungua ukali.

"Haukuvunjika," nasema, na sasa nasikia raha ambayo sijaisikia kazini kwa miaka mingi. "Michemraba ya kalavati hili niliipima mimi. Uliivunja wewe mwenyewe, Mzee Mashine, hukumbuki? Ukingo huo ungebeba malori kumi. Na mfupa wa paja la binadamu ni mgumu kuliko zege lote nililowahi kukuwekea. Kanga ilishika, mikono ilishika, mfupa ulishika, zege lilishika. Lori lilitoka kwa tani nne. Mama huyu nguvu zake ni tani nne."

Naandika. Nasubiri. Lori linapiga honi mara moja, kuthibitisha.

"Vizuri," anasema Mashine. "Sasa mlete nimbane, tuhakikishe."

"Nimekwisha kukupa namba!"

"Hayo ni makadirio. Kipimo ni kipimo."

Anafungua taya zake mbili za chuma. Unga mweupe unadondoka kwa kasi. Aproni haipo, kifua kinaanza kwenda. Na mimi, ambaye kwa miaka kumi na sita sijawahi kumkatalia mashine yule kitu chochote, nasimama katikati.

"Mzee," namwuliza, "tangu ufungwe pale maabara, umewahi kupima kitu kikabaki?"

Anafikiri. Mtu angeweza kuchemsha chai akanywa.

"Hapana," anasema.

"Basi vyeti vyote tulivyotoa ni vya marehemu. Huyu wangu yu hai. Siwezi kukuambia anaishia wapi. Naweza kukuambia alipofika. Andika: nguvu zake si chini ya tani nne."

"Si chini ya," anarudia Mashine, akiyaonja maneno. Anayajua, tunayaandika kila siku. "Si chini ya." Kisha anafunga taya, pole pole, na mafuta kidogo yanamtoka pembeni mwa kioo cha kusomea namba. "Gonga, Bi Gaudensia. Gonga haraka, anafika shingoni."

Nanyakua muhuri. Sehemu zilizobaki ni uso, shingo na mikono miwili hewani. Nagonga kwenye kiganja cha kulia, kwa nguvu zangu zote: YUPO. Unga unasimama. Unaning'inia hewani, haudondoki tena.

Nageuka kumshangilia, na tuko jikoni kwangu. Vyombo vya mchana viko kwenye sinki, sijaviosha. Mama Bwalo anaviona, hasemi kitu, lakini anaviona. Anafungua koki, ananawa wino wa muhuri na majeraha ya kanga, anajimwagia maji usoni.

"Mama," namwambia, maana sasa sijui nimwite nani tena, "unisamehe."

"Mimi sina neno. Aliye na neno yuko chumba cha mbele, na hajala vizuri." Anajipangusa kwenye kitambaa changu. "Ila mkwe wangu, ukiongea na mwanangu, ongea kidogo kidogo. Si lazima ujue mtu anavunjikia wapi."

Kisha anafunga koki. Anaifunga kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayezima redio mtoto akiwa amelala.

"Mama Nolasco!"

Nikaamka. Jua lilikuwa bado kali dirishani, shingo imenikaza, na Onesmo alikuwa anaita kutoka jikoni.

"Mama Nolasco, hii koki umeifanyaje? Haifunguki."

Nilikwenda pekupeku. Alikuwa amesimama kwenye sinki, mikono yake imejaa unga wa ufutio mpaka kwenye viwiko. Alijaribu mbele yangu akakunja uso. Nikajaribu mimi. Nikajaribu kwa kitambaa. Koki ilikuwa kama imeota pale.

"Wewe umeigusa?" nikamwuliza.

"Tangu tule sijaingia huku. Wewe?"

"Mimi nilikuwa nimelala."

Nilikwenda stoo nikatoa spana yangu ndefu, ya sentimita thelathini, nikaiegesha kwenye koki ikakaa imelala sawasawa, nikaning'iniza ndoo tupu kwenye mpini wake. "Chota maji kwenye pipa," nikamwambia. "Lita moja moja. Nihesabie."

Onesmo hakuuliza kwa nini. Miaka kumi na minne ya ndoa, anajua sura yangu ya kupima. Akamimina. Lita tano, kimya. Lita kumi, kimya. Kwenye lita ya kumi na tano alianza kucheka, kile kicheko chake cha mabegani, na mimi nikacheka, na tukawa watu wazima wawili tunamwaga maji ndani ya ndoo iliyoning'inia kwenye koki Jumapili mchana. Kwenye lita ya kumi na nane, spana ikashuka, ndoo ikatumwagikia miguuni, koki ikafunguka.

Nilipiga hesabu kwa kidole kwenye vumbi la friji. Nilitumia tisa nukta nane.

"Mtu mzima akikaza koki kwa hasira," nikamwambia, "anafika hapa. Hii imekazwa mara saba yake."

"Nani kaikaza?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kuanzia tangi, na nilipofika kwenye doti nilimshika mkono. Nikamwambia nilikosea, kanga zilikuwa mbili, alizichora mbili, na sikutazama. Nikamwambia aliyekosea hesabu ni mimi na aliyeumizwa ni yeye, na kwamba naomba anisamehe. Alikuwa anaitazama koki, maji yanatoka, haifungi.

"Kwa hiyo hiyo ndiyo nguvu yake?" akauliza. "Hiyo namba ya kwenye friji?"

"Hapana, Baba Nolasco. Angetumia nguvu yake, koki ingekatika. Hapo alikuwa anajizuia."

Akaifunga koki kwa mkono wake, taratibu, mpaka maji yakakatika. Kisha akajifuta mikono kwenye kitambaa changu, akaenda kutafuta penseli.